Maziwa ya Bibi Zena

Leo msibani nimeshukuriwa kwa wema ambao sikuutenda.

Bibi Zena, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Kilosa, amefariki alfajiri. Tukapita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, kisha tukashika jiko ili wafiwa wakae.

Nikiwa namenya vitunguu, binti yake akaingia. Ameshuka treni ya umeme kutoka Dar. Akauliza jirani wa pembeni ni nani, wakanionyesha mimi.

Akanikumbatia.

"Asante kwa maziwa, mama. Kila nikimpigia simu ananiambia jirani ameshamletea maziwa."

Maziwa gani? Mimi na Bibi ilikuwa shikamoo, marahaba, basi.

Nikasema, "Pole, mwanangu." Ndicho kilichotoka.

Bado kanishika mkono, nikamwona yule mama mfugaji amesimama getini. Yule ambaye mtaa mzima tunamnunia kwa sababu ng'ombe wao wanaingia kwenye mahindi yetu. Kashika kidumu cha maziwa. Analitazama turubai.

"Bibi ameamka?"

Jamani. Tulipita nyumba zote. Kwake hatukufika.



Binti akaniachia mkono. Akaenda getini, akakipokea kile kidumu kwa mikono miwili, wakaanza kulia pamoja.

Mimi nikarudi kwenye vitunguu.

Nyie mngesema nini pale?

Maziwa yenyewe yametiwa kwenye chai ya msibani. Nimeletewa kikombe. Nimekunywa, sikusikia ladha yoyote.