Jiwe la Sita Dirishani

Juma lililopita nilirudi Goma kwa matanga ya jirani yetu wa zamani, na kabla hata ya kumpa mjane mkono, nilitazama dirishani. Mawe yalikuwepo, yamepangwa mstari kama zamani. Sikuthubutu kuyahesabu. Nimekuwa na wivu na mawe yale tangu nikiwa msichana wa miaka minane.

Acha nikueleze taratibu. Goma ni mji wa mawe meusi ya volkano. Tunayajengea kuta za nyua zetu, tunaanikia nguo juu yake, na watoto tunajikwaa mpaka kucha zinang'oka. Asubuhi, tulipoteremka ziwani na bido, madumu yetu ya njano, kuchota maji, tulipishana na chukudu, zile baiskeli za mbao, zikilia juu ya mawe hayo hayo na mzigo wa kabichi za Kibumba. Kwa hiyo mtoto wa Goma kulionea jiwe wivu ni kichekesho. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jirani alikuwa mwanajiolojia. Kazi yake ilikuwa kupanda volkano, kupima moto na moshi wake, na kurudi kutuambia kama tulale au tufunge virago. Kartie nzima, mtaa wote, ilimwita Papa Majiwe. Alirudi soli za viatu zimeungua, koti linanuka kama kiberiti, na watoto wake watano wakagombania kumvua begi. Kila mtoto alipozaliwa, alimletea jiwe moja kutoka mlimani, akaliweka dirishani. Jioni, kabla ya bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, familia ilipiga magoti, naye akayagusa mawe moja moja, akitaja jina la kila mtoto mbele ya Mungu. Akiwa mlimani, mama yao ndiye aliyegusa.

Baba yangu aliuza vitenge Bunagana, kule mpakani. Alikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, akaleta sukari, akalala, akaenda. Kama alisali, sikuwahi kusikia jina langu. Nilichosikia ni majina matano ya watoto wa jirani, kila jioni, kupitia ukuta wa mbao. Siku moja nikachoka kusikiliza.

Nikaokota jiwe barabarani, nikaliosha kwa sabuni, nikaingia kwao kama mtu aliyetumwa kuomba chumvi, nikaliweka mwisho wa mstari. Ebu fikiria, kumdanganya mwanajiolojia kwa jiwe! Mimi nilidhani mkono uliozoea kugusa utapita tu, na mdomo utaufuata.

Jioni nikabaki kwao makusudi. Mkono wa Papa Majiwe ukagusa la tano, ukafika la sita, ukasimama.

"Hii mimi sikuileta," akasema.

Binti yake wa pili, rika langu, akaangua kicheko. "Papa, ni ya barabarani. Ni yeye aliiweka, nilimuona. Inanuka sabuni."

Wote wakacheka. Mimi nikatazama mlango. Baba yao hakucheka. "Njoo hapa, mama," akaniita, akatoa kioo chake cha kukuzia, akaniwekea jichoni. "Unaona hizi matobo? Moto ilikuwa inapumua humu ndani, ikapoa mbele ya kumaliza kupumua. Zile zingine zote ni za zamani. Hii yako ndiyo mutoto kabisa."

Alieleza mpaka sambaza zikapoa na mke wake akakohoa mara mbili. Kisha akapiga magoti tena, akaligusa, akataja jina langu, huku binti yule wa pili akinikata jicho.

Ungedhani wivu wangu uliisha hapo. Ulizidi, maana sasa nilijua kilichokuwa ndani ya nyumba ile. Nilikimbia kumsimulia mama yangu, naye akaacha kusonga bugali.

"Weye uko na baba," akasema. "Hakukufa."

Akaendelea kusonga, kwa nguvu zaidi, na ndipo nikaelewa kuwa naye alikuwa akisikiliza kupitia ukuta ule.

Nyumba zote mbili hazipo tena. Lava ilishuka ikapita juu yake; dirisha nililolitazama juma lililopita ni la nyumba waliyojenga baadaye. Kwenye matanga, mjane aliwachekesha waombolezaji kwa kusimulia siku waliyokimbia: "Watu wanabeba godoro, wanabeba sufuria. Muzee anajaza majiwe mu koti. Nikamuambia, muzee, volkano iko inatuletea zingine nyuma, na weye unabeba hizi?"

Yule binti wa pili akaja kuketi kando yangu na birika la chai. Nikamwuliza mawe yako mangapi.

"Si uko na macho? Hesabu."

Nikahesabu. Sita.

"Nilikuchukia sana," akasema, akinimiminia. "Miaka mingi. Jiwe yangu papa aliileta nikiwa mutoto muchanga, akaiweka pale, basi. Yako aliieleza mpaka chakula ikapoa. Mimi hakunipatia ile kioo hata siku moja."

Ningemwambia kwamba ningetoa maelezo yale yote, na kile kioo pia, ili nipate asubuhi moja tu ya kumsikia baba yangu akipiga viatu rangi uani, kama yeye alivyomsikia wake. Nikanywa chai. Siku hizi naishi mbali, katika nyumba ya matofali, na kupitia kuta zake sijawahi kusikia mtu akisali. Watoto wangu hawajui kwamba sala ya jirani inaweza kupenya mpaka kitandani kwako na kukunyima usingizi.

Jioni tukapiga magoti. Hakuna aliyejua mkono wa nani uguse, mpaka mjane akamnyooshea binti yule kidole. Akagusa moja moja, akitaja majina ya ndugu zake, na lake mwenyewe. Alipofika la sita, mkono ukasimama, kama ule wa baba yake. Kisha akalitaja jina langu upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu, na kunitupia jicho lile lile la zamani.