Namba Nane Katika Chumba cha Kompyuta

Nilivuka mpaka kutoka Busia ya kwetu, upande wa Kenya, nikaenda kusoma kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi mjini Tororo. Chuo kilikuwa na kompyuta kumi na nne zilizounganishwa kwa waya, na intaneti hakikuwa nayo. Kila asubuhi tulianza kwa kufuta vumbi la kiwanda cha saruji kwenye vioo vyake, tukipiga chafya na kuchekana.

Mwalimu wetu, mtu wa mjini ambaye ndugu zake karibu wote walikuwa na malori, alitugawa wawili wawili kwa kazi ya mwisho wa muhula. Mimi nikapewa msichana mwenzangu kutoka Mulanda, kiziwi tangu utotoni. Tulikuwa darasa moja tangu mwaka uanze, na nakiri kwamba sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kumpungia mkono. Alikaa dirishani akinakili ubao. Watu walipocheka, yeye alitutazama tu.

"Nyinyi wawili nafanya programu ya kuongea," mwalimu akasema. "Watu wengi, kila mtu na kompyuta yake, naandikiana. Hapa hapa chumbani."

Programu ya kuongea, apewe kiziwi! Niliona haya kwa niaba yake. Nikamwandikia maneno ya mwalimu kwenye daftari. Akasoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake: "Vizuri. Nani atafanya seva?"

Seva ndiyo kompyuta ya katikati. Ukiandika neno lako, linakwenda kwake kwanza, kisha inaligawa kwa wengine wote. Nilijitwalia seva kwa sababu ilionekana kazi ya mkubwa. Mwenzangu akachukua programu ya upande wa watumiaji, ile yenye dirisha la kusomea na kuandikia.

Wiki mbili baadaye tukajaribu. Niliandika "Hujambo" kwenye kompyuta yangu, seva ikapokea. Yeye akaandika kwenye yake, kimya. Akaandika tena na tena. Kimya. Nilipoudhika na kufunga programu yangu, maneno yake yote matano yakamwagika kwenye kioo cha seva kwa mpigo.

Nilikuwa tayari kulaumu waya. Yeye akavuta daftari: "Seva yako inamsikiliza mtu mmoja mpaka aondoke, ndipo inamgeukia mwingine." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Mama yangu hauzi karanga hivyo."

Akanieleza kwa maandishi jinsi mama yake anavyouza pale senta ya Mulanda. Wateja watano wakija pamoja, huyu anapimiwa, yule anaulizwa hali ya watoto, wa tatu anapewa za kuonja, na hakuna anayeondoka na hasira. Basi tukaiandika seva upya, kila anayeingia apewe uzi wake, sehemu ya programu inayomsikiliza yeye tu wakati nyuzi nyingine zinasikiliza wenzake. Ilituchukua siku tatu. Maneno yetu yalipopishana mara ya kwanza bila kukwama, mwenzangu alicheka kwa sauti kubwa hata watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Sikuwahi kusikia kicheko chake kabla ya siku hiyo.

Siku ya kuonyesha kazi, darasa zima likaingia kwenye programu. Hatukuweka majina, seva ilimpa kila mtu namba kwa jinsi alivyoingia, hivyo hukujua nani ni nani. Mwanzoni watu waliandika salamu tu. Kisha mwalimu akatoka kidogo.

"Mwalimu amekwenda wapi?" akauliza Namba Tatu.

"Kutafuta ile intaneti aliyotuahidi," akajibu Namba Nane.

Chumba kikaangua kicheko. Mwingine akaandika, "Mbona feni haizunguki?"

"Iacheni ipumzike," Namba Nane akaandika. "Kuning'inia tu ni kazi."

Sasa watu walikuwa wakigeuka huku na huku. "Ni wewe!" "Si mimi, wallahi!" Kila mmoja alimshuku mcheshi wa darasa, kijana wa Rubongi, naye akaapa kwa mikono miwili juu kwamba hahusiki. Mimi pia sikujua. Wakati huo huo upepo ukaupiga mlango, ukajifunga kwa kishindo.

"Nani anabamiza mlango hivyo?" akaandika Namba Tano.

Namba Nane akajibu: "Mimi sijasikia kitu."

Kisha mmoja baada ya mwingine tukageukia dirishani. Mwenzangu alikuwa ameketi wima, vidole bado viko kwenye herufi, akijizuia kucheka na kushindwa. Kijana wa Rubongi ndiye aliyeanza kupiga makofi, halafu akaona makofi hayatamfikia, akapunga mikono yote miwili hewani. Tukamfuata wote. Mwalimu aliporudi alikuta darasa zima limeinua mikono kama linalotekwa nyara.

"Nini nafanyika hapa?"

"Ingia, mwalimu," nikamwambia. "Utapewa namba kumi na tatu."

Baada ya hapo watu walianza kumfuata mwenzangu na madaftari, na yeye akaanza kutufundisha ishara, zile za adabu na zile nyingine.

Tulipomaliza masomo, kaka yake mwalimu alituita Busia, penye yadi yake ya malori. Alitaka ofisi, geti na karakana viwasiliane. Alinikaribisha vizuri, kisha akanivuta pembeni.

"Binti yangu, huyu mwenzako nasikia simu namna gani?"

Lori likawasha injini nyuma yetu.

"Hasikii, mzee!"

"Nasema nini?"

"HASIKII!"

Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Malori matatu yalikuwa yananguruma na fundi anagonga chuma. Mwenzangu alikuwa ameshaunganisha kompyuta ya geti. Akaandika kitu, akamwonyesha mzee aangalie kioo cha ofisini: "Lori la mahindi limefika. Dereva anauliza apaki wapi."

Mzee akasoma mara mbili. Akavuta kiti, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi baada ya herufi: "Nyuma ya tangi."

Dereva akapaki nyuma ya tangi. Mwenzangu akaanza kazi Jumatatu.