Fundo la Baba Elia

Sisi tuliokulia vilima vya Fizi tulijua kuchagua pa kukaa. Wanangu hapa ugenini, mjini Overport, wakiingia nyumba ya watu, kiti wanachokigombania ni kile kilicho karibu na soketi ya chaji, na ujuzi wao unaishia hapo. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na moja niliweza kuangalia mteremko wa kilima nikakuambia mbawala atapitia wapi, upepo utamfikia kutoka upande gani, na wewe ujifiche wapi asikunuse. Nilifundishwa na baba, aliyekuwa na gobori moja la zamani na subira isiyo na mwisho.

Mnaokumbuka maisha yale mtacheka. Siku ya kuamkia kuwinda nilikatazwa kabisa kugusa sabuni. Mama akinipita anaziba pua: "Unanuka sawa mbuzi!" Nami nafurahi, maana ndivyo ilivyotakiwa. Alfajiri tunaondoka na bugari, yaani ugali, baridi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga ndani ya jani la mgomba, umande unatulowesha mpaka magotini. Baba alibeba majivu katika kopo la sardini. Kila mahali alirusha kidogo hewani, akatazama yanakoelekea, kisha akatikisa kichwa na kuendelea. Angeweza kuzunguka asubuhi nzima bila kukaa. Nilichoka, lakini sikuthubutu kusema, kwa sababu dada zangu walikuwa wamebaki nyumbani wakitwanga sombe, majani ya muhogo, na mimi sikutaka kurudishwa kwenye kinu.

Pori lilikuwa la wote. Halikuwa na ua wala hati, na hakuna aliyewahi kugombana. Mtu akipata mahali pazuri alifunga fundo kwenye tawi, na kwa siku tatu pale palikuwa pake. Kila mwindaji alikuwa na fundo lake. La baba lilikuwa la majani, lenye vitanzi viwili. La Baba Elia, jirani yetu mwenye mguu mbovu, lilikuwa la kamba ya mgomba, nene na baya, kwa sababu vidole vyake pia vilikuwa vimeanza kukakamaa. Watoto tulilijua, tukalicheka, lakini hatukuligusa.

Vakansi moja, shule zimefungwa, baba akaniambia, "Leo utachagua weye mwenyewe. Kama umechagua muzuri, vakansi yote tutaendaka pamoja." Kama nimechagua vibaya itakuwaje, hakusema. Kinu nilikuwa nakijua.

Akashuka kuangalia kijito, mimi nikapanda juu. Nikaukuta mkuyu. Tini zilizoiva zilikuwa zimeanguka chini, nyingine zimeumwa nusu, na harufu yake tamu ilijaa pale. Alama za kwato zilikuwa mbichi kwenye udongo. Nikarusha majivu, yakanirudia usoni. Upepo ulitoka kwa mnyama kuja kwangu, kama nilivyofundishwa. Nikaruka kwa furaha, na niliporuka nikaliona fundo la kamba ya mgomba kwenye tawi la chini.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilijua Baba Elia alivyoteseka na mguu ule kufika huko juu. Halafu nikalivuta likatoka zima, nikalitia mfuko wa sketi, nikafunga la kwetu. Baba alipofika akauzunguka mti, akauliza, "Hapa hakuna mutu?" Nikajibu, "Hakuna."

Kesho yake alfajiri tulikaa ndani ya maficho ya matawi aliyoyajenga baba, bega kwa bega, hatusemi. Mbawala dume akaja akila tini kama mtu aliyealikwa. Baba akapiga mara moja tu. Njiani kurudi aliniwekea mkono kichwani akauacha hapo, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena.

Mchana mama akaichukua sketi yangu kuifua. Akatoa lile fundo mfukoni, bado limefungwa, akaliweka mezani mbele ya baba. Baba alilitazama. Hakunipiga wala hakupaza sauti, na ningependa angefanya hivyo. Akaipanga nyama yote katika kikapu, hata ngozi, akajitwika, akanipa fundo nilibebe mimi. "Twende. Utamwambia na kinywa yako."

Nilimwambia Baba Elia nikilia. Alinisikiliza akikanda goti lake, kisha akauliza, "Ulijua namna gani kama nyama inapita pale?" Nikataja tini, kwato na majivu. Akachukua paja moja, akaturudishia nyama yote iliyobaki. "Uko na macho, mwanangu," akasema. Nililia zaidi.

Tulipofika uani baba akasema, "Macho uko nayo. Vakansi ingine tutaona."

Vakansi iliyofuata ilitukuta barabarani, magodoro kichwani, tunakimbia vita. Baba alifia katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa. Sikuwahi kuona angeamua nini.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu Neema, wa miaka kumi na nne, kwenye hifadhi ndogo ya Queensburgh. Iko na kibanda cha mbao cha kutazamia wanyama, kila mtu anaruhusiwa. Mbele ya dirisha zuri kulikuwa na kofia na chupa ya chai, mwenyewe hayupo. Neema akavisogeza akakaa.

"Rudisha," nikamwambia.

"Eish, Mama, hapa ni public! Hakuna mwenye place."

"Rudisha, Neema."

Tukakaa pembeni, upepo mgongoni mwetu, mahali ambapo baba asingekaa hata dakika moja. Mwenye kofia alirudi, mzee mmoja wa mtaa wa Chatsworth, akatusalimia. Muda si muda akaelekeza kamera yake nje akitabasamu. Paa mdogo alikuwa amejitokeza upande wake. Sisi tuliona majani yakitikisika tu.

"Tumekosa juu yako," Neema akanung'unika, akarudi kwenye simu.

Siku hizi tuna kufuli, geti na waya za umeme, na zamani kamba ya mgomba ilitosha, isipokuwa siku ile moja, kwa sababu yangu. Nilibaki nikiyatazama majani yale mpaka yakatulia. Baba angekuwa hai, nadhani vakansi hii angenichukua tena kuwinda.