Kiti cha Pikipiki Nyekundu

Mume wangu alikuwa na dude la pikipiki, kubwa kuliko mahitaji yake, na kuliko mahitaji ya mtu mwingine yeyote wilayani Ngara. Alilinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa zito, limekaa chini, usukani wake mpana kama pembe za ng'ombe wa kule kwetu, na kiti chake cha ngozi kilikuwa laini kuliko godoro letu. Tulikuwa tumepanga Rusumo, juu kidogo ya maporomoko, ambako yeye alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani. Malori ya chakula cha wakimbizi yalipopanga foleni barabarani, sisi tulipita pembeni taratibu, injini ikiguna, mimi nyuma nimejifunga kitenge kipya. Sikatai, raha ile niliipenda.

Ila lami ikiisha, raha nayo inaisha. Likiingia kwenye tope, lile kubwa lilikuwa linalala kama nguruwe, na kuliinua ilibidi kuita wanaume wa kijiji kizima. Na mama yangu aliishi Ntobeye, ambako lami ilikuwa habari ya kusimuliwa.

Mama alikuwa na kidonda mguuni. Kilianza kidogo, jembe lilimparuza, akaweka majani, akaendelea kulima. Nilipokuja kukiona kilikuwa kimekula nyama hadi karibu na mfupa. Daktari wa hospitali ya misheni alikisafisha akaniambia bila kuzunguka kwamba mgonjwa arudi kila wiki kusafishwa, akikosakosa mguu utakatwa. Mama alikuwa mjane na mkulima. Kumkata mguu ni kumkata shamba, na kumkata shamba mama yangu ni afadhali umzike. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, hata kuliko ile siku wakimbizi walipoanza kuvuka daraja la Rusumo na milima ikajaa vichwa vya watu.

Mtu atasema, usafiri si ulikuwepo? Miaka ile kila chenye injini kilikuwa kimekodiwa na mashirika. Magari yalipita kwa wingi hata kuku wetu wakajifunza kuvuka barabara, lakini hayakusimama. Tulijaribu baiskeli. Mwenye baiskeli alimbeba mama vizuri mpaka kwenye mteremko, breki zikakataa, wakaingia wote kwenye mihogo ya watu na kidonda kikafunguka upya. Mama akasema baiskeli basi.

Nilimwomba mume wangu ambebe kwa lile kubwa siku za jua. Alikubali mara moja, mtu mwema yule. Aliyekataa ni mama. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, na mama hakai mahali alipokalia mkwe wake. Huo si uadui, ni heshima, na heshima ile mama aliishika kuliko rozari. Mume wangu akifika Ntobeye alisimama mwisho wa ua kwenye migomba na kusalimia kwa sauti, na mama alimjibu akiwa nyuma ya jiko, uso kaufunika kanga. Walipendana sana hao watu wawili na sidhani kama waliwahi kutazamana usoni.

Ndipo mume wangu akaleta wazo la pikipiki ya pili. Alilileta kwa sura ya huruma, akitaja mguu wa mama kila baada ya maneno mawili, lakini mimi nilikuwa namfahamu. Tangu tuoane alikuwa anatamani pikipiki ya mbio, nyepesi, inayolia kwa sauti nyembamba, ya kuinamia usukani. Nikamwambia sawa, tutatafuta, ila mwendeshaji ni mimi. Alicheka. Akasahau kwamba nilikuwa mkalimani kwenye zahanati ya kambini, kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi vinasikilizana, na kwamba shirika lililoniajiri lilitufundisha wote pikipiki, wanawake kwa wanaume. Wanaume walikuwa wanaanguka zaidi, kwa sababu wao hawakusikiliza maelekezo.

Tuliangalia ya kwanza Ngara mjini. Ilikuwa ndefu, ya kupandia milima, imeinuka kama punda. Mume wangu aliizunguka akipiga mluzi. Mimi nilipoikalia miguu yangu ilining'inia hewani, nikajiuliza mama mwenye kidonda atapandaje kwenye dari hilo. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa soko la kambini, ndogo, ya bei ya chini sana, na mwenyewe alikuwa ameivusha mtoni kutoka kwao pamoja na watoto. Nilimhurumia yule baba na ningependa kuichukua, lakini ilitoa moshi mweupe na haikuweza kupanda hata kilima kidogo cha kwenye visima vya kambi. Mume wangu akasema rahisi ghali. Kwa mara hiyo moja tukakubaliana.

Ya tatu tuliipata kwao mume wangu, Runazi, kule Biharamulo. Baba yake mdogo alituletea habari kwamba mwenye duka mmoja ana pikipiki nyekundu haiendi. Tulifikiri ni mbovu. Kumbe haiendi maana yake hainunuliwi. Tukatelemka na lile kubwa siku ya Jumapili, na tulikuwa hatujazima injini mwenye duka ametoka mbio anaifuta vumbi kwa shati lake. Kizuri chajiuza, nikawaza, hiki kinatembezwa.

Lakini nilipoitazama moyo ulishtuka. Ilikuwa nyembamba, tangi limechongoka, usukani uko chini, ekzosi imepinda kwenda juu. Wakulima wa Runazi hawakuitaka kwa sababu haina keria. Wao pikipiki bila keria ya kufungia gunia la mahindi waliiona ni kama mbuzi asiye na nyama. Ndiyo maana ilikuwa ya bei ya kwetu. Nilishika usukani nikailaza upande, nikaiinua kwa mkono mmoja. Hapo nilijua kwamba ikizama kwenye tope la Ntobeye, sitaita mwanaume.

Mume wangu alilizunguka duka nayo mara moja, akarudi macho yanang'aa. Niliona ameshampenda mke wa pili. Akaanza kuipangia siku: Jumatatu hadi Ijumaa mimi naye tutabadilishana, jioni yeye ataipeleka kuipasha moto, na kadhalika. Nilimwambia aangalie kiti. Kilikuwa kifupi, watu wawili wakikaa lazima wabanane, mgongo kwa kifua. "Hiki kiti ni cha mtu na mtoto wake, au mtu na mama yake," nilimwambia. "Wewe una lako."

Akalipa. Tulirudi kwa lami, yeye na lile kubwa mbele, mimi nyuma na ile nyekundu. Baada ya kilima cha kwanza sikuvumilia nikampita. Upepo ulinipiga kifuani, nikapiga yowe la furaha peke yangu, mtu mzima na akili zangu.

Kosa alilifanya wiki ile ile, na alilifanya kwa mapenzi. Mimi nikiwa kazini kambini, akachukua ile nyekundu, akafunga sukari na chumvi kwenye tangi, akaenda Ntobeye kumwonyesha mama kifaa kitakachookoa mguu wake. Kijiji kizima kilitoka. Alisimama mwisho wa ua kama kawaida, akasalimia, akaweka sukari na chumvi chini ya mgomba, akawasha tena ili mama aisikie inavyolia. Kisha akarudi Rusumo anaimba. Alinisimulia jioni, nami ninayejigamba kwa akili sikuona tatizo lolote.

Siku ya kliniki nikafika Ntobeye mapema. Mama alikuwa tayari, kavaa vizuri, mguu kaufunga kitambaa safi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasogea mpaka kwenye pikipiki akaitazama. Kisha akarudi akakaa kwenye kigoda chake.

"Hapo amekaa mkwe wangu," alisema. "Mimi sikai."

Nilimbembeleza, nikamkemea, mwisho nikalia. Nilimkumbusha daktari alivyosema. Nilimwambia Mungu hawezi kumchukia mtu kwa ajili ya sponji na ngozi. Alinisikiliza kwa upole ambao ulinikasirisha zaidi, akasema mwacha mila ni mtumwa, na kwamba mguu alizaliwa nao ila heshima aliitafuta mwenyewe. Nikaondoka nimevimba. Njia nzima nilipiga gia kwa hasira, nikimlaumu mama, mila, na mwanaume mwenye kiherehere.

Nilimkuta mume wangu nyumbani nikamwambia yote. Nilitegemea abishe, kwa sababu kwao Runazi mambo haya wameshayalegeza. Hakubisha. Aliinama kama mtoto aliyevunja chungu. Kisha akaenda akaleta spana, akaanza kufungua kiti cha ile nyekundu, skrubu moja moja. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema kama mama hawezi kukaa kwenye kiti alichokalia yeye, basi atapata kingine.

Kambini kulikuwa na fundi, mkimbizi, aliyekuwa anashona viti vya magari ya mashirika. Nilimpelekea pikipiki bila kiti, nikiwa nimeisukuma kwa miguu kutoka pale lori liliponishushia, watu wakinicheka. Fundi aliuliza kwa nini nisilete kile cha zamani akivishe ngozi mpya. Nilipomweleza aliweka sindano chini. Akasema kwao pia ni hivyo, na kwamba mama yake mkwe amebaki ng'ambo na hajui kama yu hai. Akakichonga kiti kuanzia ubao, akaweka sponji nene upande wa nyuma kwa ajili ya mgonjwa, akakifunika turubai la bluu kwa sababu ngozi haikupatikana. Pikipiki nyekundu yenye kiti cha bluu. Ilikuwa mbaya kuitazama, nami niliiona nzuri sana.

Mama aliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliuliza ubao ni mpya? Mpya. Sponji? Mpya. Aliyekileta nyumbani ni nani? Mimi. Mkwe amekijaribu? Hajakijaribu na hatakijaribu. Hapo akashika bega langu, akapitisha mguu mzima, nami nikauinua ule mgonjwa kwa mikono yangu nikauweka kwenye kikanyagio. Akanizungushia mikono kiunoni. Nilikuwa sijakumbatiwa na mama tangu nikiwa msichana mdogo, kwetu mtu mzima hakumbatiwi ovyo. Nilitia gia nikiwa na machozi, na nikaendesha vizuri tu.

Tulikwenda kila wiki, masika na kiangazi. Kwenye tope nilimshusha, nikaivusha pikipiki, nikarudi kumshika mkono. Mara ya kwanza alifumba macho njia nzima akisali kwa sauti. Baadaye alianza kusalimia watu. Mwishoni alikuwa ananigonga begani tukifika kwenye tambarare, maana yake ongeza mafuta. Na kidonda kilifunga. Polepole kwa pembeni, kisha katikati, mpaka siku daktari alipokibonyeza akasema sasa rudi ukalime.

Siku ile mume wangu alitusubiri Ntobeye, mwisho wa ua. Mama alishuka mwenyewe, akatembea mpaka karibu na jiko, akageuza uso kwenye ukuta na kuongea nami kwa sauti ya kumfikia yeye.

"Mwambie mkwe wangu, mguu huu ni wake."

Mume wangu alijifanya anaangalia mkungu wa ndizi.

Na ile pikipiki ya mbio, aliyoiota tangu tuoane, hakuipanda tena. Ikihitaji kuoshwa aliisukuma kwa miguu mpaka mtoni, na vijana wa Rusumo wakamwita mchungaji wa pikipiki. Nilimwona mara nyingi uani amesimama pembeni yake, mkono kwenye usukani, anazungusha mafuta kidogo aisikie inalia, kisha anazima. Kile kiti cha zamani alikitundika ukutani stoo. Mimi nilimtania, lakini nilijua ni kitu gani ametoa, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa maneno yote aliyowahi kuniambia.

Wakimbizi walirudi kwao, mashirika yakafunga mahema, malori yakapungua. Mama alilima miaka mingi kwa miguu yake miwili, akafa kwa uzee kitandani kwake. Tulipomaliza matanga nilitoa ufunguo nikampa mume wangu pale uani Ntobeye, mahali alipokuwa anasimama siku zote. Nilimwambia sasa mila imekwisha, akae, tangu Runazi alikuwa anaitamani.

Aliushika ule ufunguo kidogo. Kisha akatoa leso, akafuta vumbi kwenye turubai la bluu, upande wa nyuma, ule wenye sponji nene.

"Hapo amekaa mama," alisema. "Mimi sikai."

Akanirudishia ufunguo, akaenda kuwasha lile kubwa, tukarudi Rusumo, mimi nikiwa mbele.