Sarafu Niliyoitoa Badala ya Ng'ombe

Ninaandika haya kwa sababu hapa Gisenyi yanasimuliwa vibaya, na mtu aliyeitumikia posta kule Kigoma mpaka akastaafu hawezi kuridhika aibu yake ikisimuliwa na watu ambao hawakuwapo. Aibu ilikuwapo, siikani. Ninachokikataa ni neno "tapeli".

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Tanzania, bado wageni katika nchi yetu wenyewe, tukiwa na masanduku yetu, Kiswahili chetu cha Kigoma na, kwa upande wangu, kisanduku cha sarafu za kale. Mpwa wangu Innocent alitaka kumwoa Chantal, binti wa familia iliyorudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, na dada yangu Vestine, mama yake Innocent, akaniteua niwe msemaji wetu siku ya posa. Anayeijua desturi yetu anaujua uzito wa kazi hiyo: wasemaji wa pande mbili huketi wakikabiliana, hutaniana, hukataliana, kisha hukubaliana, na neno likishatamkwa mbele ya wageni limeifunga familia nzima. Ndiyo maana Vestine alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Kaka, sema tuliyokubaliana tu. Ng'ombe mmoja. Usiongeze neno."

Niliongeza.

Msemaji wao, Claver, mfanyabiashara wa vitenge pale mpakani, alidai ng'ombe wawili. "Mutoto yetu alisoma, iko na diplome," alisema. "Ng'ombe moja itaona haya kuingia peke yake." Wageni wakacheka. Hapo nilipaswa kunyenyekea, nimsifu binti na kuomba subira, kwa kuwa vita vilikuwa vimemaliza mifugo na hakuna asiyelijua hilo. Lakini Claver alilitazama koti langu (lilikuwa limepigwa pasi vizuri, nadhani ndilo lililomchokoza) akasema, "Ao ba-Tanzania banakujaka tu na maneno safi?"

Nikatia mkono mfukoni.

Sarafu yenyewe ilikuwa franka ya zamani ya Wabelgiji, mfalme upande mmoja na mchikichi upande wa pili, niliyoinunua sokoni baada ya kurudi. Nilisimama nikaeleza (kwa urefu uliozidi haja, naambiwa) kwamba sarafu yenye kosa la kiwandani ina thamani kubwa, ila sharti mtu ajue kulitenganisha kosa halisi na uharibifu: mstari ulioinuka juu ya sarafu umetokana na ufa katika muhuri wa kiwanda, lakini mstari uliozama ni mkwaruzo tu, kazi ya mtu na tindo yake. Kisha nikaigeuza ile franka kama mtu anavyofunua ukurasa, na mchikichi ukatokea kichwa chini, mizizi juu. "Muhuri ulifungwa kinyume," nikatangaza. "Hili ni kosa halisi. Badala ya ng'ombe wa pili, tunawapa hii."

Baba yake Chantal, mzee wa maneno machache, aliipokea, akaigeuza, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Na inafika bei ya ng'ombe?"

"Inapita," nikajibu.

"Basi tunakubali."

Makofi yakaanza. Lau Claver angepiga makofi kama wengine, nisingekuwa na la kuandika. Yeye aliiomba sarafu, akaigeuza polepole, kisha akatoa sarafu yake mwenyewe mfukoni akaigeuza vilevile.

"Muzee," alisema kwa sauti ya chini, "hii ya franka makumi mbili nilirudishiwa leo asubui ku duka ya mukate. Na yenyewe iko kichwa chini."

Nilisikia pochi zikifunguliwa. "Na yangu," akasema mama mmoja. "Yangu pia." Nami nikatoa moja, chenji ya nauli yangu, nikaigeuza nikiomba Mungu. Kichwa chini. Sarafu za nchi nzima zilitengenezwa hivyo makusudi, nami nilikuwa nikizitumia kununulia ndizi bila kuzitazama, kwa sababu mkusanyaji (hivyo nilijidanganya) hutazama za kale tu.

Baba yake Chantal akasimama. "Donc mulikuja kununua mutoto yangu na franka moja."

Innocent aliinamisha kichwa. Vestine hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko yote. Wanawake wa upande wao wakaanza kuondoa chupa mezani, na jua lilikuwa likishuka kuelekea ziwani. Mwaka ule, kwa ajili ya usalama, hakuna aliyekaa barabarani giza likiingia. Kama tungetoka pale tumekataliwa, tusingerudi tena.

Nikasimama, lugha yangu yote ya ofisini imenikimbia. "Nimekosea mimi. Familia yangu haikujua. Shilingi za kule nilikojifunzia husimama wima pande zote mbili, nikadhani dunia nzima ni Tanzania."

Claver aliigeuza tena ile franka. "Muzee, ulitufundisha kuko kosa ya kiwanda, na kuko kosa ya mutu mwenye alichukua tindo akaharibu kwa kusudi. Si ndiyo?"

"Ndivyo."

Akamgeukia baba yake Chantal. "Bon. Mi namuangalia huyu muzee mbele na nyuma. Hakuna mutu alimuchonga. Alitoka ku kiwanda hivi."

Mzee alibaki amesimama, mdomo umekazwa, halafu mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akaketi. Alipoketi, chupa zikarudi mezani.

Faini ilikuwa ng'ombe wa pili, kutoka kwangu binafsi, si kwa Innocent. Niliuza kisanduku changu huko Goma nikanunua mtamba. Posa ikasimama, ndoa ikafungwa. Franka waliibakiza wao, na kila nikienda kuwasalimu, baba yake Chantal huiweka kando ya glasi yangu, mfalme juu, na kusema, "Geuza, Muzee."

Nageuza. Siku hizi sikitolei hukumu kitu chochote kabla sijakagua kwanza kilichomo mfukoni mwangu, na usemaji sitaukubali tena (ijapokuwa, kwa usahihi, hakuna aliyeniomba). Wanaoendelea kuniita tapeli nawaomba warekebishe kumbukumbu zao kama upande wa mke ulivyoamua siku ile: mimi ni kosa halisi.