Mashavu ya Bi Harusi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile ya wakimbizi, nilipomwona Domitila akishindwa kunyanyua ndoo ya maji aliyozoea kuibeba huku akiimba. Aliiachia, akashika kifua. "Moyo unanienda mbio," akasema. Nilijua kwa nini, nikanyamaza.

Domitila alikuwa rafiki yangu, binti wa Kirundi aliyeingia Ngara kwa miguu, mifupa mitupu. Alikuwa amechumbiwa, na bi harusi wa enzi zile alitakiwa atoke amejaa mashavu. Akitoka amekonda, mawifi hawana dogo! Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati kambini, kazi yangu kufagia na kugawa maji ya kumezea dawa. Niliona wagonjwa wa pumu wakipewa vidonge vya steroidi, nyuso zinajaa. Basi nikajifanya daktari. Nikawa namchotea vidonge kwenye kopo kila siku. Mashavu yakaja kweli, wanawake wakampigia vigelegele, na mimi kichwa kikavimba kuliko hayo mashavu.

Siku ile ya ndoo nilimkokota hadi zahanati. Tabibu Lazaro, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, akamuuliza mara mbili, "Umemeza dawa gani?" Domitila alinitazama, asinitaje. Alikuwa tayari kufa na siri yangu, mwanangu! Nikasema yote mbele ya foleni nzima.

Mzee hakunifokea. "Binti," akasema, "chembe za mwili zina vijilango vya kupitishia madini ya potasiamu. Yakipita kwa kiasi chake, misuli inakaza na moyo unadunda sawasawa. Homoni za steroidi ni miongoni mwa wanaoamuru vijilango hivyo vifunguke kiasi gani. Wewe umezidisha amri. Kwenye figo vimebaki wazi, potasiamu inakwenda na mkojo."

"Basi aache leo hii!" nikasema.

"Thubutu! Mwili wake umezoea kuletewa, umeacha kutengeneza homoni zake. Tutapunguza kidogo kidogo."

Akanyweshwa dawa ya potasiamu, nami nikawa namletea ndizi za kupika kutoka kwetu Keza. Harusi ikasogezwa mbele. Alipotoka, mashavu yalikuwa yameshuka, mawifi wakasema waliyosema, naye akacheza hadi kiatu kikakatika. Baadaye yeye na mumewe walirudi kwao. Sijamwona tena, na ninamkumbuka hadi leo nikimenya ndizi.

Sasa sikiliza. Juzi nikifagia chumba chako niliona kopo la vidonge vilevile chini ya kitanda. Nakuona pia unavyopumzika mara tatu ukitoka kisimani. Sikugombezi, mimi nitamgombeza nani? Usivitupe wala usimeze zaidi kwa kujiamulia. Chukua kanga na hilo kopo, twende hospitali sasa hivi, useme yote. Ulimi ukiwa mzito, nitasema mimi. Safari hii sinyamazi.

Mungu akutulizie moyo ndani ya kifua, mwanangu, na akupe miguu ya kucheza harusini kwako.