Kesi Yangu ya Jezi Zilizotakata

Siku ya kwanza ya kazi niliambiwa nivue viatu, na mimi viatu sikuwa navyo. Aliyesema hivyo alikuwa Katibu wa klabu ya mpira ya pale mgodini Geita, mtu mwembamba mwenye kalamu mfukoni. Maneno hayo alizoea kumwambia dobi aliyenitangulia, mwanamume, ambaye alikuwa ametoroka kwenda kujichimbia dhahabu yake porini. Katibu akatazama chini, akaiona miguu yangu mitupu, akakohoa.

"Basi ingia hivyo hivyo, Mama Kulwa. Jiwe lile pale."

Jiwe la kufulia halikanyagwi na viatu, maana tope la kiatu huingia kwenye nguo nyeupe, na halitoki. Hilo nilikuwa nalijua tangu kwetu Tinde. Nilikuja Geita kwa lori baada ya vita vile vya Wazungu kwisha, nikimfuata mume wangu, Baba Kulwa, aliyekuwa mpiga baruti chini ya ardhi. Jumapili alikuwa golikipa. Shule nilisoma kidogo tu, kutia jina langu naweza, lakini kufua hakuna aliyenifundisha akamaliza nisimshinde.

Wajukuu zangu, nyinyi mnatumbukiza nguo kwenye mashine mnakwenda kutazama simu. Sisi tulikuwa tunaloweka jezi kwenye maji ya majivu, yaani majivu ya kuni yaliyochujwa kwa kitambaa, yanakata mafuta kuliko sabuni. Kisha unasugua kwa sabuni ya mche, unasuuza, unasuuza tena. Nyeupe unazipitisha kwenye maji ya buluu, kibonge kidogo tu, ukizidisha jezi inakuwa rangi ya mtu aliyezama. Mwisho unatia wanga kwenye kola na kupiga pasi ya mkaa. Watu walicheka kuona mwanamke dobi. "Tangu lini dobi ananyonyesha?" Niliwaacha wacheke. Jumapili walipoingia uwanjani, timu yetu ilikuwa inang'aa kama yange juu ya ng'ombe, na kina mama waliokuwa wamekaa pembeni walikuwa wananitazama mimi, si mpira.

Sasa, yakaja mashindano na wachimba almasi wa Shinyanga. Wiki ile jezi ziliniletea mshangao. Zilikuwa zinanuka mizizi na mafuta ya kondoo, na kwenye kila kola palikuwa na baka la kahawia. Nikasema, hawa wanaume wamelala zizini? Nikaongeza majivu. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Baka likatoka. Nilijisifu moyoni, sikatai.

Jumapili tukafungwa. Hatukufungwa kidogo, wanangu. Watu wetu walianza kuondoka kabla ya filimbi, na Baba Kulwa alikuwa anaokota mpira wavuni kama mtu anayeokota maembe.

Asubuhi yake Katibu alinikuta jiweni.

"Mama Kulwa, kazi imekwisha."

"Nimekosa nini?"

"Kosa unalijua."

"Silijui."

"Basi hilo ndilo kosa lenyewe."

Nikasimama pale na maji yananitiririka mikononi. Nilikuwa sielewi hata nilie au nicheke. Kufukuzwa sikuogopa kwa sababu ya njaa, Baba Kulwa alikuwa na kazi. Niliogopa jina. Mwanamke wa kwanza kuwa dobi mgodini, akifukuzwa bila kosa kutajwa, watu watamtafutia kosa wenyewe. Watasema mwizi. Au watasema lile neno jingine baya zaidi, linalofanya watu wasilete watoto wao kucheza na wako. Nilikuwa naitaka kazi yangu, na kosa langu nilitaka litajwe.

Aliyenifumbua macho ni fundi cherehani wa pale klabu, Mzaramo, mtani wetu, aliyekuwa akishona jezi zilizochanika. Alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nyinyi Wasukuma ni watu wa ajabu! Mnacheza mpira kwa mizizi! Mama Kulwa, umefua dawa. Katibu na wachezaji walizipeleka jezi kwa mfumu, kule Kharumwa. Mganga kazipaka moja moja, nawe ukaja na majivu yako ukaitoa yote!"

Jioni nilimkuta Baba Kulwa anakula ugali.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mambo ya dawa hasimuliwi mwanamke."

"Lakini anayefua ni mwanamke!"

Akajaza tonge mdomoni. Mpaka leo sijaona mtu akitafuna tonge moja muda mrefu namna ile.

Nikaanza kutafuta haki yangu, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Kwanza nilikwenda kwa Nyapara Mkuu, msimamizi wa vibarua wote. Aliniuliza kipande changu. Kipande ni kadi iliyotiwa alama kila siku unayofanya kazi, nayo walipewa wanaume. Nikasema sina.

"Basi wewe si mtu wa kampuni. Huwezi kufukuzwa na kampuni isiyokuajiri."

"Nyumba ninayolala ya nani?"

"Ya kampuni."

"Sabuni ninayofulia ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na mimi?"

Akakuna kichwa. "Wewe ni wa klabu. Nenda kwa mtemi."

Nikaenda kwenye baraza la mtemi, ndiyo mahakama yetu ya kienyeji siku hizo. Karani wa baraza alinipokea vizuri, "Mwangaluka, mayu," akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtemi anahukumu mambo ya ardhi, ng'ombe na ndoa, lakini yaliyo ndani ya seng'enge ya mgodi ni ya Wazungu. "Ungekuwa umegombana na mume wako ningekusaidia leo leo."

"Nimegombana naye pia."

"Hiyo ndiyo kesi! Tuanze nayo?"

Nikamwambia aiache, nilikuwa sijamaliza kumkasirikia.

Ukabaki mlango mmoja, boma, kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyekuwa akiamua mashauri ya wilaya. Fundi cherehani alinieleza kwamba kuna sheria ya bwana na mtumishi, nayo humlinda hata mtumishi asiye na kadi, mradi watu walimwona akifanya kazi. Lakini safari hii hakucheka.

"Sikiliza, dada yangu. Pale bomani usitaje dawa. Serikali haitofautishi mfumu na mchawi. Ukitamka neno hilo, Katibu anaingia ndani, mganga anaingia ndani, na golikipa wako anaingia ndani."

Nikauliza, "Sasa nitashindaje kesi bila kusema nilichofukuziwa?"

"Hilo sijui. Mimi nashona tu."

Siku ya shauri tulisimama mbele ya meza, mimi na Katibu. Baba Kulwa alikuwa nyuma dirishani, kofia mkononi. Bwana Shauri alikuwa na Kiswahili chake cha kuvunjavunja.

"Mama, wewe nafukuzwa sababu gani?"

Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Nikitema, nimeshinda. Nikamtazama Baba Kulwa. Hakunipa ishara yoyote, mshenzi yule, alinitazama tu kama anavyotazama mpira wa penalti.

"Sijui, bwana."

"Katibu, sababu gani?"

Katibu naye hakuweza kulitaja lile neno. "Bwana... huyu hafui vizuri."

"Lete nguo."

Jezi zikaletwa zikatandazwa mezani. Zilikuwa vile vile nilivyozifua kabla ya mechi na tena baada yake, kola zimesimama. Bwana Shauri akainua moja dirishani, akaipeleka puani, akatazama shati lake mwenyewe. Kisha akamgeukia Katibu.

"Hii hapana vizuri?"

"Ni vizuri, bwana."

"Sasa?"

"Ni... ni vizuri mno, bwana."

Watu dirishani wakaangua kicheko. Bwana Shauri hakuelewa kinachochekesha, uso ukawa mwekundu, akapiga meza. Akaamua kwamba mtumishi hafukuzwi bila kosa, nirudishwe kazini kesho yake, na Katibu akirudia ataona.

Nikatoka pale nimeshinda. Vigelegele nilijipigia mwenyewe njiani.

Kesho yake nikaenda jiweni mapema, nikachemsha maji, nikachuja majivu. Jezi hazikuja. Siku ya pili hazikuja. Wachezaji walikuwa wamezipeleka tena Kharumwa, na kila mmoja alikuwa analala na ya kwake. Katibu alipita mbali akisema, "Kazi unayo, Mama Kulwa. Nani kakufukuza?" Nikakaa pale wiki baada ya wiki, dobi wa serikali asiye na nguo. Nilirudi kwa karani wa baraza kuuliza kama kuna sheria ya kumlazimisha mtu akupe jezi yake chafu. Akasema katika maisha yake hajaisikia.

Wakacheza mechi hivyo hivyo, wananuka mpaka refa anasimama upande wa upepo. Wakashinda! Nikachanganyikiwa zaidi. Mechi iliyofuata, wakanuka zaidi, wakafungwa.

Ndipo asubuhi moja Baba Kulwa akaja jiweni, mbele ya wenzake waliokuwa wakisubiri zamu ya kushuka shimoni. Akavua viatu. Akaitumbukiza jezi yake kwenye karai langu.

"Fua."

"Na dawa yake?"

"Mama Kulwa, nimesema fua."

Wenzake wakapiga kelele, "Golikipa, umerogwa na mkeo!" Akawajibu bila kugeuka, "Ndiyo, tangu Tinde." Nami nikafua. Niliifua vile, wanangu, hata mtoto wa kubatizwa haoshwi hivyo.

Jumapili hiyo alisimama golini peke yake mweupe, kumi wengine rangi ya tope. Hakufungwa hata bao. Na wale kumi hawakufunga. Wakabishana kutwa nzima, dawa imemsaidia yeye au yeye kaiharibu dawa, na hakuna aliyepata jibu. Kabla ya mwezi kwisha, mmoja mmoja, wakaanza kuleta jezi, wengine wakijificha, wengine wakisema zimetumwa na wake zao.

Baadaye nilihamia kufua mashuka ya hospitali ya mgodi, chini ya Sista Mkuu asiyecheka, kisha nyumba ya wageni ya serikali Shinyanga, mpaka mikono ilipokataa kukamua. Nimestaafu. Mjukuu wangu aliyefukuzwa juzi na klabu yake ya mpira kaniuliza aende wapi. Nimemwambia aende, milango siku hizi ni mingi, kuna vyama, kuna mabaraza ya kusuluhisha, na kosa lake alitake litajwe wazi. Lakini nimemwambia pia kwamba mimi niliporudishwa na Bwana Shauri nilikaa na karai tupu, na aliyelijaza hakutoka bomani. Kaniuliza, "Kwa hiyo bibi, sheria inasaidia au haisaidii?"

Nimemjibu kwamba nimelifikiria jambo hilo tangu mama yake hajazaliwa, na akipata jibu huko aendako, aje aniambie.